Mama, mbona unamlilia mwizi?

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Wete, Pemba. Msimu huu tuliibiwa magunia mawili ya karafuu kavu, yalikuwa kwenye banda la uani yakingoja kupelekwa kituo cha kuuzia karafuu. Nilimwapiza huyo mwizi mpaka sauti ikanikauka. Siku tano baadaye mwanangu wa miaka kumi na sita alileta filamu ya Kihindi ya zamani, Deewaar, tukaitizama pamoja. Nikajikuta namwombea Vijay, mhalifu wa humo, asikamatwe, na alipokufa nikalia. Mwanangu akanigeukia: "Mama, mbona unamlilia mwizi?" Sikuwa na jawabu. Sasa kijana aliyetuibia amejulikana, ni wa kijiji jirani, na sheha ananiuliza tulimalize wenyewe au twende polisi. Naona kama ile filamu imenilegeza. Je, filamu hizi zinatupotosha? Na vipi mtu aliyeibiwa ampende mwizi?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Kwanza pole. Gunia la karafuu kwa asiyejua ni gunia tu. Anayejua anamwona mchumaji juu ya tawi, anawaona watoto wamekaa ukumbini usiku wanachambua makonyo mpaka vidole vinanata, anakuona na wewe unakimbilia majamvi wingu linapotanda. Nimekisoma ulichoandika mara tatu, na kila mara nimekwama pale pale, kwenye swali la mwanao. Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na watu wazima waliosomea mambo haya.

Nikujibu kwanza, halafu nieleze. Filamu haikukupotosha. Ulimlilia Vijay kwa sababu ulikaa naye karibu saa tatu, tangu mtoto mpaka anakata roho, na huyo kijana aliyebeba magunia yako hujakaa naye hata dakika moja. Machozi hufuata ukaribu, hayangoji hukumu. Lakini lipo jambo ambalo wewe, kwa kuwa umeibiwa juzi, una jicho la kuliona kunishinda mimi niliyekaa mbele ya sinema umri wangu wote. Nitalifikia.

Nianze na huo ukaribu, maana unasukwa kwa mkono kama ukili.

Mwaka 1960 mwongozaji Alfred Hitchcock alitoa filamu ya Psycho. Mwanamke mmoja, Marion Crane, anaiba dola 40,000 kazini kwake, anakimbia na gari, usiku unamkuta njiani, analala kwenye gesti, na huko anauawa bafuni. Kijana wa gesti, Norman, anaikuta maiti. Hitchcock anatuonyesha Norman akisafisha, na wala haharakishi: kijana anapiga deki, anakosha mikono, anaipakia maiti kwenye buti la gari la marehemu mwenyewe. Kisha analisukuma gari kwenye bwawa la matope. Gari linazama, linazama, halafu linasita. Paa bado liko juu. Norman anatizama huku na huku. Na kwa sekunde hizo chache kila aliyekaa ukumbini anaomba gari lizame.

Nimeionyesha sehemu hiyo kwa wanafunzi wengi, na sijapata darasa ambalo halikushusha pumzi gari lilipomezwa. Muda mfupi kabla yake walikuwa upande wa Marion, tena wakimwonea huruma yeye aliyeiba. Sasa wanamwombea anayeificha maiti yake. Hakuna aliyewaambia kuwa Norman ni mtu mwema. Wamewekwa tu bega kwa bega na mtu mwenye kazi nzito na hofu ya kuonekana, na moyo wa binadamu ukimwona mtu yuko katikati ya kazi, unataka aimalize.

Mtaalamu wa filamu Murray Smith, katika kitabu alichokitoa mwaka 1995, alitenganisha mambo ambayo sisi huyachanganya. Kuna kumtambua mhusika, yaani kujua kuwa huyu ni nani. Kuna kufuatana naye: kuona anachokiona, kujua anachokijua, kuingia naye mlango huu na kutokea ule. Na kuna kumuunga mkono, kumwona anastahili. Filamu inaweza kukufuatanisha na mtu kwa saa mbili bila ya wewe kumuunga mkono kwa lolote. Mwanao alipokuona unalia alidhani umemuunga mkono mwizi. Inawezekana ulikuwa umefuatana naye tu, na mwisho wa safari msafiri mwenzako akafa.

Tena tabia hii hatukuletewa na sinema. Askofu Edward Steere alipochapisha mwaka 1870 hadithi alizozikusanya hapa Unguja, ilikuwamo ya Sungura aliyekwenda na Buku, yule panya mkubwa, kwenye mbuyu kula asali ya Simba. Asali si yao. Simba anakuja, Sungura anajifunika kwenye majani makavu, Buku anayarusha chini, Sungura anatimua mbio, na Buku anabaki juu na Simba yuko chini. Paukwa, pakawa: ni mtoto gani wa visiwani aliyewahi kumwombea Simba apate haki yake? Sote tulikimbia na Sungura. Bibi zetu waliotusimulia ndio hao hao waliotuchapa tulipodokoa sukari.

Sinema ilipokuja ilileta neno lake. Ukipita kwenye kibanda cha video utasikia mtoto akiuliza kabla hata filamu haijaanza: steringi nani? Akishaonyeshwa steringi, wengine wote ni adui au watu wa kupita, na kanuni inajulikana, steringi hafi. Neno hilo limetusaidia miaka mingi, ila halina nafasi ya mtu kama Vijay. Ni steringi bila shaka: uso wake umejaa kioo chote, ngumi zake ndizo zinazoshangiliwa. Na ni mhalifu bila shaka. Na anakufa. Aliyezoea kupanga watu wa filamu mafungu mawili lazima amgeukie mama yake na kumuuliza.

Hofu yako kwamba filamu za namna hii zinapotosha ni ya zamani, na Marekani waliwahi kuifanya kanuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilitoka filamu za majambazi mfululizo, Little Caesar na The Public Enemy mwaka 1931, Scarface mwaka 1932, na vijana walipenda mno suti, magari na ujeuri wa wale watu. Viongozi wa dini na wazazi wakapiga kelele. Kampuni za filamu zikawa na kanuni iliyoandikwa mwaka 1930 na kuanza kubanwa kwelikweli mwaka 1934: uhalifu usionyeshwe kwa namna ya kumfanya mtazamaji awe upande wa mhalifu dhidi ya sheria, na mkosaji asiachwe bila adhabu. Ni methali yetu ya siku za mwizi arubaini, ila wao waliifanya sharti: kila mwizi, siku ya arubaini iwe kabla ya taa za ukumbi kuwashwa. Kanuni ile ilidumu mpaka 1968.

Ilifanikiwa? Kwa adhabu, ndiyo. Kwa huruma, hapana. Watengenezaji waligundua kuwa ukimwadhibu mhalifu dakika ya mwisho, watu wanazidi kumlilia. Risasi ya mwisho ilikusudiwa iwe funzo, ikageuka kuwa msiba. Ndivyo ilivyokufika wewe kwa Vijay. Angekimbilia ng'ambo na dhahabu yake, naamini ungezima televisheni ukaenda kuosha vyombo.

Basi tuiingie Deewaar yenyewe, maana umechagua filamu yenye mengi. Ni ya mwaka 1975, aliiongoza Yash Chopra, wakaiandika Salim Khan na Javed Akhtar. Niliiona nikiwa kijana, ukumbi umejaa, na pembeni yangu alikuwa amekaa hamali wa bandari ya Malindi hapa Unguja, bado na shati lake la kazi. Unakumbuka pale wahuni wanaowatoza makuli fedha kila wiki wanapomtafuta Vijay, wakaja wakamkuta anawangoja ndani ya ghala lao wenyewe? Anafunga mlango kwa kufuli, ufunguo anamrushia mkubwa wao na kumwambia autie mfukoni, atakuja kuuchukua humo humo. Yule hamali alinyanyuka. Hakusema neno, alisimama tu, na hakukaa tena mpaka mlango ukafunguliwa. Nimesoma vitabu vingi kuhusu huruma katika filamu, na hakuna kilichonifundisha kama mgongo wa mtu yule. Alikuwa anamtizama mtu wa kazi yake akikataa kuonewa.

Angalia sasa waandishi walivyopanga mambo. Vijay hajaiba kitu, tayari ana chapa ya wizi. Mkononi ameandikwa chale akiwa mtoto kwamba baba yake ni mwizi, na baba mwenyewe hakuiba: alikuwa kiongozi wa wafanyakazi aliyelazimishwa kutia saini kwa kutishiwa roho za mkewe na wanawe. Mama anabeba matofali. Mtoto anang'arisha viatu barabarani, na mteja akimtupia sarafu chini anakataa kuiokota, anataka apewe mkononi. Mpaka anafika bandarini na kuvaa ile beji namba 786, ambayo mzee Mwislamu pale bandarini anamweleza kuwa ni namba ya Bismillahi, umeshamlipa huruma yote uliyonayo. Baadaye anapoingia kwenye magendo ya dhahabu, anaitumia akiba hiyo. Kila filamu ya mhalifu anayependwa hufanya hivi: huweka akiba kwanza, ndipo hukopa.

Lakini tizama amekopa kwa nani. Magendo ya dhahabu. Nani aliyeibiwa? Forodha, ushuru, serikali. Hakuna mama mmoja anayetoka mlangoni akashika kichwa.

Hapa nitakuuliza jambo ambalo watu wa Pemba mnalijua kuliko mimi. Karafuu kisheria huuzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, na kuzipeleka kwingine ni kosa. Hata hivyo, miaka ile bei ya shirika ilipokuwa chini sana kulinganisha na ya ng'ambo, mashua zilikuwa zinaondoka usiku kuelekea upande wa Kenya. Mtu wa magendo na mtu aliyeingia bandani kwako, sheria inawaita wote wahalifu. Je, kijijini waliitwa jina moja? Nadhani mmoja alifichwa na majirani na mwingine alikimbizwa nao. Simsafishi mtu wa magendo, kwani lilichokipoteza shirika kilikuwa dawa na madawati ya skuli za watu hao hao. Ninachotaka uone ni kwamba moyo una mizani yake, na mizani hiyo haipimi kosa, inapima sura. Magendo hayana mtu anayelia mbele yetu. Wizi wa magunia yako una sura, na sura hiyo ni yako.

Ndiyo maana ulimsamehe Vijay upesi na kijana wa kijiji jirani ukamwapiza. Sioni unafiki wowote hapo. Filamu ilikufichia aliyeibiwa, na bandani kwako hapakuwa na wa kukuficha.

Salim na Javed hawakuiachia filamu yao njia hiyo nyepesi, na kwa hilo nawaheshimu sana. Rudi ukaitizame tena sehemu ya mkate. Ravi, yule ndugu polisi, anamkimbiza mwizi, anampiga risasi mguuni, anamfikia na kukuta ni kitoto, na kilichoibwa ni mkate. Anachukua chakula anakwenda nyumbani kwa wazee wa mtoto. Mama anapojua huyu ndiye aliyempiga risasi mwanawe, anamrudishia chakula chake kwa uchungu: wakubwa wanaoficha ghala zima hawapigwi risasi, anapigwa mtoto wa mkate. Umeona? Filamu imepindua sahani. Mwenye sheria ndiye aliyeumiza, na mwizi ndiye mwenye mama wa kulia. Kisha baba, mwalimu mstaafu, maskini wa kutupa, anasema neno ambalo hakuna aliyelitegemea kutoka kwake: wizi ni wizi, uwe wa mkate au wa malaki, na wenye njaa ni wengi mno, je, wote wawe wezi?

Nani ana haki, mke au mume? Sisi Waislamu tumesimuliwa kuwa Sayyidna Umar, mwaka wa njaa kubwa, hakuwakata mikono walioiba kwa njaa. Upande wa fiqhi uwaulize wenye elimu yake. Mimi nasema tu kwamba swali hili ni kongwe na zito, na filamu ya burudani, yenye nyimbo na ngumi, ililiweka wazi kwenye chumba kimoja na watu watatu na ikaliacha bila kulifunga. Ravi anatoka humo ameamua kumfuata ndugu yake mwenyewe. Lakini yule mama hakujibiwa.

Na kuna mama mwingine, huyu uliyemwona na labda machozi yalikuziba. Kabla Ravi hajatoka kwenda kumkamata Vijay, mama yao ndiye anayemkabidhi bastola, na anamwombea mkono wake usitetemeke. Akishamaliza hilo anaondoka kwenda hekaluni kumngoja Vijay. Amemtuma mmoja ampige risasi mwenzake, na amekwenda kukaa tayari kumpokea huyo atakayepigwa. Mwanao akikuuliza tena, mwonyeshe hapo. Yule mama hakuchanganyikiwa. Alijua Vijay ni nani na alijua amefanya nini.

Umeuliza kama filamu hizi zinapotosha. Zipo zinazodanganya, na kipimo changu ni kimoja: aliyeibiwa yuko wapi? Chukua The Godfather ya Francis Ford Coppola, ya mwaka 1972, ambayo ni kazi kubwa na sitachoka kuitizama. Inaanza kwa mzee mwenye duka la mazishi anayelilia haki ya binti yake aliyepigwa na vijana ambao mahakama imewaachia waende nyumbani. Anamlilia nani? Mkubwa wa majambazi. Kwa hiyo tangu dakika ya kwanza jambazi ndiye kadhi. Kisha kwa karibu saa tatu wanaouliwa, wengi wao, ni majambazi wenzao, polisi wala rushwa, wasaliti. Yule mwenye duka dogo anayetozwa kila mwezi asivunjiwe kioo hatumwoni, wala mke wa mtu aliyefilisiwa na kamari yao. Wakiwekwa hao, filamu nzima inabomoka. Simkatazi mtu kuipenda. Nasema alijue pengo lake.

Linganisha na Tsotsi ya Afrika Kusini, iliyotoka mwaka 2005, Gavin Hood akiiongoza. Kijana wa mtaani anampiga risasi mwanamke mlangoni kwake, anaondoka na gari, halafu anasikia kilio kiti cha nyuma: kuna kichanga. Anakitia kwenye mfuko wa karatasi wa dukani, anakwenda nacho. Asiyejua hata kubadili nepi anatumia gazeti. Hapo unaanza kulainika. Lakini filamu haikuachii. Inakurudisha kwa mama wa mtoto, kitandani, miguu haifanyi kazi, na mwisho yupo pale getini kwenye kiti cha magurudumu. Ukitaka kumhurumia Tsotsi itabidi umhurumie huku unamtizama yeye. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya mwaka 2012, nayo ina njia yake. Mwas anatoka kijijini na ndoto ya uigizaji, siku anayofika Nairobi anaporwa kila kitu, na kabla filamu haijafika kati yeye mwenyewe yuko kwenye genge. Unaona aliyeibiwa akijifunza kuiba, hatua kwa hatua, kama mtu anavyojifunza ufundi makenika.

Hilo la aliyeibiwa kuwa mwibaji linanileta kwenye filamu ambayo nakuomba uitafute, wewe na mwanao. Ni ya Kiitalia, ya Vittorio De Sica, mwaka 1948, inaitwa Ladri di biciclette, yaani wezi wa baiskeli. Hakuna bunduki, hakuna dhahabu. Roma baada ya vita, kazi hakuna. Antonio anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, kwa sharti awe na baiskeli, na ya kwake iko rehani. Mkewe anazivua shuka za kitandani, anazifua, wanazipeleka rehani ili kuikomboa baiskeli. Siku ya kwanza tu ya kazi, Antonio yuko juu ya ngazi na brashi mkononi, kijana anaidaka baiskeli na kupotea nayo.

Wewe utaitizama filamu hii tofauti na mtu mwingine yeyote. Antonio anazunguka Roma nzima na mwanawe Bruno, mtoto mdogo mwenye jaketi, wakiitafuta. Hatimaye anamnasa mwizi kwenye mtaa wa kimaskini. Kijana anaanguka kifafa hapo hapo barabarani, majirani wanamzonga Antonio. Anaingia na askari nyumbani kwa kijana kupekua: chumba kimoja, na ufukara umewazidi hata akina Antonio. Baiskeli haipo. Askari anamweleza kuwa bila shahidi hakuna kesi. Antonio anaondoka.

Jioni anafika nje ya uwanja wa mpira. Baiskeli zimepangwa kwa mamia, na moja imeegemezwa ukutani peke yake, mlangoni. De Sica anamwacha Antonio akae ukingoni mwa njia, asimame, atembee, arudi, akae tena. Anampa Bruno nauli ya tramu atangulie. Anaichukua ile baiskeli. Hakufika mbali. Watu wanamkimbiza, wanamshusha, wanampiga makofi, kofia inaanguka. Na Bruno, ambaye tramu ilimwacha, ameona yote. Anaiokota kofia ya baba yake, anaipangusa vumbi, analia. Mwenye baiskeli anamtizama mtoto, anamtizama baba, na kusema mwacheni.

Jina la filamu liko katika wingi, wezi, na De Sica alikusudia hivyo. Sasa nikuulize: ungeanza filamu hiyo kwa yule kijana wa kwanza, asubuhi yake, kwenye kile chumba kimoja, Antonio angekuwa nani? Angekuwa mtu wa ngazi, asiye na jina, mwenye baiskeli. Kila mwizi ana filamu yake ambayo ndani yake wewe ni mtu wa kupita. Na kila aliyeibiwa ana yake. Mtengenezaji mzuri hutumia filamu moja kukupitisha kwenye zote mbili, na Antonio anakupitisha peke yake, kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa mwanao sina wasiwasi mkubwa. Kijana anayekutizama wewe unalia, badala ya kutizama ngumi, amekwisha kuanza kufikiri. Ningemwogopea zaidi yule anayetizama zile filamu mpya za wizi ambamo watu wazuri wa sura wanavunja kasha la benki wakicheka, hakuna anayeumia, na wakimaliza wanakunywa baharini. Humo hakuna aliyeibiwa hata mmoja. Ukizikuta usimkataze, maana atakwenda kuzitizama kwenye simu ya mwenzake. Kaa naye, na katikati muulize hizo fedha ni za nani.

Limebaki la sheha, na hilo si la mtaalamu wa filamu. Umesema unaona filamu imekulegeza. Mimi nadhani imekusogeza: kabla yake mwizi wako alikuwa kivuli, na sasa unajiuliza asubuhi yake ilikuwaje. Unaweza kujua asubuhi yake ilikuwaje na bado ukaenda polisi. Mama yake Vijay alijua, na bastola akaitoa. Unaweza pia ukajua, ukakaa barazani kwa sheha na wazee wake mkapatana namna ya kulipa.

Ila nisikudanganye kwa ule mfano wa uwanja wa mpira. Yule bwana aliyesema mwacheni, baiskeli yake alikuwa ameshaipata. Imeegemea hapo pembeni yake anapolisema neno hilo, haina hata mkwaruzo. Wewe magunia yako hujayaona. Kwa hiyo mtu akija kukushika sikio kwamba mbona hata kwenye filamu walisamehe, mwambie kwanza azirudishe karafuu.